Hadubini na Homa za Nchi Yetu

Mtu atokaye Arusha kwenda Dodoma kwa barabara kuu hupita kwanza Minjingu, karibu na mbuga ya Tarangire. Kisha hufika Magugu, penye mashamba ya mpunga na mifereji ya maji. Halafu hupanda mpaka mji wa Babati, uliokaa kati ya ziwa lenye viboko na mlima Kwaraa. Akizidi kwenda kusini hufika Kondoa, na nchi ya nyumba za tembe zenye kuta na mapaa ya udongo. Msafiri wa kawaida huona milima, ng'ombe na mashamba. Lakini daktari akiitazama njia hiyo huona kwamba imepita katika nchi ya homa tatu.

Katika mbuga za Tarangire wako mbung'o, ambao watu wengi wa kaskazini huwaita ndorobo, nao waweza kuleta malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliozuru Serengeti na Tarangire walirudi makwao Ulaya wakiwa na ugonjwa huo mwilini. Katika mabwawa na majaruba ya nchi ya chini hutaga mbu waletao malaria. Na katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu, hasa kusini kuelekea Dodoma, hukaa papasi, ambao huleta homa iitwayo homa ya papasi.

Sasa fikirini jambo hili. Mgonjwa wa malaria huanza kwa homa, kichwa kuuma, viungo kulegea na baridi. Mgonjwa wa homa ya papasi huanza vivyo hivyo. Mgonjwa wa malale naye, katika siku zake za kwanza, huanza kwa homa na kichwa. Mkono uliowekwa juu ya paji la uso hauwezi kuzitenga homa hizi tatu. Walakini dawa zake ni mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Je, mwanadamu alizitenganishaje? Alizitenganisha kwa chombo kinachoitwa hadubini, na habari za chombo hicho ndizo tunazotaka kuzieleza leo.

JINA LAKE NA MWANZO WAKE

Wazee wetu walikuwa na neno darubini, ambalo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni chombo cha kuonea mbali. Zamani neno hilo lilitumika kwa vyombo vyote viwili, kile cha kuvuta vitu vilivyo mbali na kile cha kukuza vitu vilivyo vidogo. Siku hizi tunavitenga: darubini ni ya vitu vya mbali, na hadubini ni ya vitu vidogo. Vyote viwili hutumia lenzi, yaani kipande cha kioo kilichosuguliwa mpaka kikawa na tumbo, ambacho huipinda nuru ipitayo ndani yake.

Hadubini ya aina ya kwanza ina lenzi moja tu. Aliyekuwa bingwa wa aina hii alikuwa mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Mtu huyu hakusoma chuo kikuu, lakini alikuwa na mikono mistadi na subira isiyo na kifani. Alisugua lenzi ndogo sana, akazitia katika vibamba vya madini, na mojawapo ya hadubini zake hukuza kitu kiasi cha mara 270. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa, akaona viumbe vidogo vikitembea ndani yake. Baadaye alitazama utando wa meno yake mwenyewe, akakuta humo viumbe vidogo zaidi. Kabla yake hapana mtu aliyewahi kuandika habari za viumbe hao.

Aina ya pili ni hadubini ya lenzi nyingi, iliyotengenezwa kwa kupanga lenzi moja juu ya nyingine ndani ya bomba. Lenzi ya chini hukuza kitu, na lenzi ya juu hukuza ile sura iliyokwisha kukuzwa. Kwa hadubini ya namna hii Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti, akaona vyumba vidogo vidogo kama vya sega la nyuki. Alitangaza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1665. Vyumba vile ndivyo vilivyowapa wataalamu jina la seli, ambazo ndizo matofali ya miili yetu sote, watu, wanyama na mimea.

Lakini hadubini hizo za lenzi nyingi zilikuwa na ila kubwa. Kila kitu kilionekana kimezungukwa na rangi za upinde wa mvua, na kingo zake zilifanya ukungu. Kwa muda wa miaka zaidi ya 150 watu wengi hawakuziamini sana. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister wa Uingereza alionyesha jinsi ya kuzipanga lenzi ili ila hiyo ipungue. Baadaye Mjerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi pamoja na Carl Zeiss katika mji wa Jena, alitengeneza lenzi inayochovywa katika tone la mafuta juu ya kipande cha kioo. Lenzi hiyo ya mafuta ilitoka mwaka 1878. Kwa lenzi hiyo chombo cha kawaida huweza kukuza mara 1,000, na sura ikawa safi. Hadubini iliyo mezani katika zahanati na hospitali zetu leo ni mtoto wa kazi hiyo.

HOMA TATU ZATENGWA

Hadubini nzuri ilipopatikana, mambo yaliyokuwa fumbo kwa vizazi vingi yalifumbuliwa katika muda wa miaka michache. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Constantine katika nchi ya Algeria, aliona kimelea cha malaria katika damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya India, alipasua mbu mmoja baada ya mwingine. Mwishowe, tarehe 20 Agosti, alikuta kimelea hicho katika tumbo la mbu. Tangu hapo ilijulikana kwamba malaria haitoki katika hewa mbaya ya mabwawa, kama watu walivyodhani, bali huletwa na mbu wazaliwao humo.

Hata hivyo kimelea peke yake ni vigumu kukiona, kwa kuwa hakina rangi. Chembe nyekundu ya damu yenyewe ina upana wa sehemu 7 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, na kimelea hukaa ndani yake. Kwa hiyo wataalamu walitafuta rangi za kuipaka damu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg alitoa rangi yake ambayo ingali ikitumika mpaka leo katika maabara za Afrika Mashariki. Damu ikipakwa rangi hiyo, mwili wa kimelea huwa wa buluu na kiini chake huwa chekundu. Ndipo mtazamaji aliyefundishwa humtambua adui.

Habari za malale zilikuwa za kuhuzunisha zaidi. Kuanzia mwaka 1900 hivi ugonjwa huo ulienea katika Busoga na pwani za Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na katika muda wa miaka 20 uliua watu zaidi ya 200,000. Vijiji vizima vilibaki vitupu. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani wa Italia alitangaza kwamba ameona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Kijidudu hicho ni kirefu, kina utando kama pezi la samaki, na katika tone la damu lisilokauka huonekana kikijipinda na kuzisukuma chembe nyekundu huku na huku.

Yafaa tukumbuke pia yaliyofuata. Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka 1882 alikuwa amekwisha kumtambua mdudu wa kifua kikuu, alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 kuwatibu wagonjwa wa malale. Aliwapa dawa yenye sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda, lakini baadhi yao walipofuka kwa ajili ya dawa ile. Hadubini ilikuwa imemwonyesha adui, ila haikutoa silaha. Kumwona adui si kumshinda, na mwenye elimu naye yampasa kuwa na hadhari.

Sasa tuje kwa papasi, mdudu wa nyumbani kwetu. Wenyeji wa bara walijua tangu zamani kwamba kuumwa na papasi huleta ugonjwa, na David Livingstone aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Wageni wengi waliidharau. Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Philip Ross na Arthur Milne walitazama damu ya wagonjwa, wakaona mdudu mwembamba aliyejisokota kama kizibuo cha chupa. Katika Kongo, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakichunguza jambo hilo hilo; Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyo, akafa mwezi wa Februari 1905.

Mwaka huo huo wa 1905 Koch alikuwa katika nchi iliyo Tanzania bara leo. Alifuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, akachimbua vumbi la vibanda walimolala wapagazi, akakusanya papasi na kuwatazama kwa hadubini. Aliwakuta wale wadudu waliojisokota ndani ya papasi, na tena ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi mama humrithisha mtoto wake ugonjwa, na nyumba yenye papasi yaweza kuwa na hatari hata kama hapana mgonjwa aliyelala humo karibuni. Yale waliyosema wazee yakathibitika, tena yakaongezewa sababu yake.

Na mtu aweza kuuliza: kwa nini papasi hakugunduliwa mapema? Ni kwa sababu tabia yake ni ya mwizi. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla ya mapambazuko. Aweza kukaa miaka bila kula. Mwenye nyumba huamka asijue kwamba ameumwa, na homa hutokea siku kadhaa baadaye.

KILA HADUBINI NA KAZI YAKE

Msidhani kwamba hadubini ni moja tu. Kama vile fundi seremala alivyo na msumeno, randa na patasi, na kila kimoja kina kazi yake, ndivyo alivyo mtaalamu wa hadubini.

Kwanza, iko hadubini ya nuru ya kawaida, tuliyoieleza. Nuru hutoka chini, hupita katika kitu kinachotazamwa na kuingia jichoni. Zamani ilikuwa na kioo cha kuelekeza mwanga wa jua, nayo ilifaa sana penye zahanati zisizo na umeme. Kwa hiyo hutazamwa damu kwa malaria, makohozi kwa kifua kikuu, choo kwa mayai ya minyoo, na mkojo kwa mayai ya kichocho yenye mwiba mmoja mkali.

Pili, iko hadubini ya uwanja wa giza. Katika hii nuru hupitishwa pembeni, hata isiingie jichoni moja kwa moja. Kitu kilichoguswa na nuru ndicho kinachong'aa, na pengine pote huwa peusi. Mdudu mwembamba asiye na rangi, kama wa homa ya papasi au wa kaswende, huonekana kwa namna hii akiwa hai na akitembea.

Tatu, iko hadubini ya mng'ao. Makohozi hupakwa rangi maalumu, kisha humulikwa kwa nuru ya namna fulani, na wadudu wa kifua kikuu hutoa mng'ao wa manjano katika giza. Mtazamaji huweza kupitia eneo kubwa kwa muda mfupi kuliko kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba zile zenye taa ndogo za umeme hafifu zichukue mahali pa zile za zamani, kwa kuwa taa hizo hudumu sana na hazihitaji chumba cha giza.

Nne, iko hadubini ya macho mawili. Hii haikuzi sana, pengine mara 10 mpaka 50, lakini humwonyesha mtazamaji kitu kizima pamoja na kina chake. Ndiyo inayotumiwa na wachunguzi wa wadudu kupambanua mbu wa malaria na mbu wengine, au kumpasua mbung'o. Wafanya biashara ya vito nao hutumia ya jinsi hii. Katika Mkoa huu wa Manyara, huko Mirerani, ilivumbuliwa tanzanaiti mwaka 1967, na mnunuzi mwenye busara hatoi fedha kabla ya kutazama nyufa na mawaa yaliyo ndani ya jiwe.

Tano, iko hadubini ya wachunguzi wa miamba. Jiwe hukatwa na kusuguliwa mpaka likawa jembamba kiasi cha sehemu 3 za milimita iliyogawanywa mara 100, hata nuru ikapita ndani yake. Kisha nuru hiyo huchujwa ili itikisike upande mmoja tu, na kila madini huonyesha rangi yake ya pekee. Kwa namna hii wataalamu husoma habari za milima kama Kwaraa na Hanang, ambayo zamani za kale ilikuwa milima ya moto.

Sita, iko hadubini ya elektroni. Abbe alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1873, kwamba nuru yenyewe ina mpaka. Vitu viwili vilivyokaribiana kuliko sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 5,000 huonekana kama kitu kimoja, hata lenzi iwe nzuri namna gani. Virusi vingi ni vidogo kuliko kipimo hicho. Mfano wake tunao shambani. Mwaka 1894 ugonjwa wa batobato wa mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi iliyo Tanzania leo, lakini chanzo chake hakikuonekana kwa hadubini yoyote ya nuru. Mwaka 1931 Wajerumani Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza katika mji wa Berlin hadubini isiyotumia nuru bali elektroni, na lenzi zake si vioo bali ni sumaku. Hatimaye, katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya walimtambua mwenye hatia. Kilikuwa kirusi chenye sehemu mbili zilizoshikamana kama mapacha. Mkulima alikuwa ameona majani ya mihogo yake yakikunjamana kwa muda wa miaka 80 na zaidi kabla adui huyo hajaonekana sura.

Hadubini hii ni ghali, ni kubwa, na kitu kinachotazamwa ndani yake hakiwezi kuwa hai. Kwa hiyo haifai kwa kazi ya kila siku ya zahanati. Ukubwa wa chombo si ndio ubora wake. Ubora ni kufaa kwa kazi iliyokusudiwa.

YATUPASAYO SISI

Siku hizi katika zahanati nyingi za Tanzania mgonjwa wa homa hupimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu hutiwa katika kibao kidogo, na baada ya muda mfupi mstari hujitokeza au haujitokezi. Kipimo hicho ni cha manufaa makubwa, maana hakihitaji umeme wala fundi wa maabara. Lakini kinajibu swali moja tu: Je, kuna malaria? Hakiulizi habari za papasi, wala za malale. Mtu akiambiwa kwamba hana malaria, naye ana homa, asirudi nyumbani akadhani ameambiwa kwamba hana ugonjwa. Wala asinunue dawa ya malaria dukani kwa kukisia, kwa kuwa dawa hiyo haitamgusa mdudu wa papasi. Homa ya papasi hutibika kwa dawa za kuua bakteria, kama daktari atakavyoamuru. Isipotibiwa yaweza kumwua mtoto mchanga, na kumharibia mimba mama mjamzito.

Tena liko jambo moja linalopotoa watu wengi. Homa ya papasi huja siku chache, kisha huondoka, na mgonjwa hujiona amepona. Baada ya siku kadhaa hurudi. Wakati wa homa wadudu huwa wengi katika damu na hadubini huwaona; homa ikitulia huwa vigumu kuwapata. Kwa hiyo mgonjwa asingoje homa ipoe ndipo aende hospitali. Aende wakati mwili unapowaka, na huo ndio wakati damu yake itakapotoa ushahidi.

Tena amweleze mganga mambo ambayo hadubini haiwezi kuyajua: alilala wapi, katika nyumba ya namna gani, alipita mbuga gani, alichunga wapi, aliumwa na mdudu gani. Mtu aliyetoka kulala katika tembe la zamani huko Kondoa na mtu aliyetoka kukata miti kando ya Tarangire wana homa za kuulizwa maswali mbalimbali. Mtazamaji wa hadubini hupata mara nyingi kile alichoambiwa akitafute.

Mwisho, wako watu ambao bado huogopa kutolewa damu, wakidhani kwamba itauzwa au itatumiwa vibaya. Tone linalohitajiwa kwa hadubini ni dogo kuliko lile amnyonyalo papasi katika usiku mmoja, na papasi hatoi jibu lolote. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Basi mzazi ambaye mtoto wake ana homa na ampeleke upesi, amkubalie kuchomwa kidole, na aulize kwa adabu: Je, mmetazama damu yenyewe, na mmeona nini ndani yake? Hilo ni swali la haki, na fundi wa maabara aijuaye kazi yake atafurahi kulijibu.